Kanga ya Bibi Haisomeki

Maneno niliyoyasema mbele ya wapiga picha vijana, Wete, Pemba

Assalaam alaykum wazee wangu, walimu wangu, na nyinyi wadogo zangu mliokuja na simu na kamera zenu. Nakushukuruni kwa kunialika. Nimevuka bahari jana, na katika mkoba nimekuja na picha moja tu. Naomba ipite mkono kwa mkono, ianzie kwa bibi aliyekaa pale mbele. Msiihofie, nimeitia kwenye plastiki.

Mnayemuona ni marehemu bibi yangu, mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtu wa hapa hapa Wete. Nilimpiga picha hii mwenyewe Juni 2008, chumbani kwetu Ng'ambo, Unguja. Wakubwa mnaukumbuka wakati ule: umeme ulikatika Unguja nzima mwezi wa Mei na haukurudi mpaka Juni, karibu mwezi mzima. Bibi alikuja kwa harusi ya binamu yangu, na harusi haikuahirishwa. Tuliifanya kwa kandili, kwa mishumaa, na kwa jenereta la kuazima lililozimika hata isha haijaadhiniwa. Bibi amekaa kitandani, kandili iko juu ya kasha kushoto kwake, na amejifunga kanga mpya aliyoinunua Darajani asubuhi ile.

Sasa tazameni kanga. Pindo mnaliona, mji mnauona, na chini ya mji kuna mstari wa maneno. Mstari upo, herufi hazipo. Zimekuwa mchirizi mweusi kama wino uliomwagikiwa maji. Mama yangu anasema jina la kanga ile lilikuwa neno la mtu mwenye subira. Khalati anashikilia kuwa lilikuwa la kumjibu jirani. Kanga yenyewe iligaiwa na nguo zake nyingine alipofariki, miezi michache baada ya picha hii, na hakuna anayejua iko kwa nani. Picha ndiyo ilikuwa shahidi wetu, na shahidi hakuona.

Kamera niliyotumia ilikuwa mpya. Ile ndogo ya kutia mfukoni, megapikseli 10, imeandikwa hivyo kwa herufi za fedha usoni. Aliyeniuzia aliniambia 10 ni bora kuliko 6, nami niliamini kama ninavyoamini kuwa pishi kumi ni zaidi ya pishi sita. Imenichukua miaka kufahamu nilichonunua, na ndicho nilichokuja kukwambieni leo, ili nyinyi kisikuchukueni miaka.

Ndani ya kila kamera, nyuma ya lenzi, mna kipande kinachopokea mwanga. Mafundi wanakiita kihisi. Zamani mahali pake palikuwa na filamu. Kihisi cha kamera yangu ile kilikuwa na upana wa milimita 6 na ushei, na kimo cha milimita 4 na nusu. Nyoosheni kidole cha mwisho mtazame ukucha: kinakaa juu ya ukucha ule na nafasi inabaki. Eneo lake lote ni milimita za mraba 28 hivi. Kamera kubwa za wapiga picha wa kazi, zile ambazo kihisi chake kinalingana na filamu ya zamani, zina milimita 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864. Gawanyeni. Ni mara 30.

Na mkisoma karatasi ya kamera hamtaona milimita hizo. Mtaona "inchi 1/2.3", au "inchi 1". Msipime kwa rula, hamtaipata inchi hiyo mahali popote. Ni hesabu iliyorithiwa kutoka mirija ya kioo ya kamera za televisheni za zamani, walipokuwa wakipima unene wa mrija kwa nje. Kihisi kinachoitwa cha inchi 1 kina milimita 13.2 kwa 8.8, yaani upana wake ni nusu inchi na kidogo tu. Nasema wazi kuwa jina hili linampoteza mnunuzi, na lilipaswa kuachwa zamani. Ulizeni milimita.

Kwa nini ukubwa uwe na maana? Nyinyi ni watoto wa karafuu, nitasema kwa karafuu. Chukua hanchifu uitandike chini ya mkarafuu siku ya upepo. Pembeni yake tandika jamvi. Rudi baada ya saa moja. Hanchifu umeigawa vijumba kwa kalamu: kijumba hiki kina karafuu tatu, kile saba, kile kimoja hakina kitu. Ukitaka kusema mti ulimwaga kiasi gani, hanchifu itakudanganya, maana kila kijumba kinasema lake. Jamvi nalo ukiligawa idadi ile ile ya vijumba, kila kijumba kikubwa kitakuwa na karafuu mia, tisini na tano, mia na nne. Tofauti ipo lakini haikusumbui.

Mwanga unaanguka hivyo hivyo juu ya kihisi, nacho kimegawanywa vijumba. Hauji kama maji ya bomba, unaja chembe chembe, kwa bahati, kama karafuu kwenye upepo. Na hesabu yake inajulikana: kuyumba kwa idadi ni kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Kijumba kilichopokea chembe 10,000 kinayumba kwa 100, yaani asilimia moja, jicho halioni. Kijumba kilichopokea chembe 100 kinayumba kwa 10, na hiyo ni asilimia kumi. Hapo ndipo unapoona chenga. Chenga zile, kama za televisheni isiyokamata, watu wengi wanadhani ni ubovu wa kamera. Sehemu kubwa ni mwanga wenyewe, umekuwa haba, na kila kijumba kinasema lake.

Rudini sasa kwa megapikseli zangu 10. Megapikseli moja ni vijumba milioni moja. Nilikuwa na milimita za mraba 28, nikazigawa vijumba milioni 10. Kila kijumba kilibaki na upana wa maikroni moja na nusu na kidogo, na maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Unywele wa kichwa una unene wa maikroni 70 hivi. Vijumba zaidi ya 40 vingeenea kwenye upana wa unywele mmoja wa bibi yangu. Na hivyo ndivyo nilivyovituma vikakinge mwanga wa kandili.

Watengenezaji wenyewe walilijua hili. Mwaka 2008 Canon walitoa kamera yao ndogo ya G10 yenye megapikseli 14.7. Mwaka uliofuata, 2009, wakaja na G11 yenye megapikseli 10, na kihisi cha ukubwa ule ule. Walirudi nyuma kwa hiari yao, na wanunuzi wenye kujali picha walifurahi. Na mwaka 2006 Fujifilm walikuwa na F30 ya megapikseli 6 tu, iliyosifiwa mno kwa picha za gizani. Sita! Ile ile hesabu niliyoambiwa dukani kuwa ni ya kizamani. Na picha ya kutundika ukutani, ya sentimita 20 kwa 25, iliyochapwa vizuri kabisa, inatosheka na megapikseli 7 na kidogo. Nani kati yetu anachapa kubwa kuliko hiyo kila siku?

Kuna jambo la pili kuhusu kandili. Kijumba cha kihisi hakioni rangi. Juu ya kila kimoja kumewekwa kichujio cha rangi moja, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, akaupatia hataza 1976. Nusu ya vijumba ni vya kijani, robo vyekundu, robo buluu. Na moto wa mafuta ya taa una wekundu na manjano tele, buluu yake ni kiduchu. Kwa hiyo vijumba vya buluu, ambavyo tangu hapo ni robo tu, vilipata karibu na hakuna. Kamera ikataka shuka jeupe lionekane jeupe, ikaikuza buluu ile haba mara nyingi, na pamoja nayo ikazikuza chenga zake. Angalieni mtandio mweusi wa bibi: una mabaka ya zambarau na ya kijani. Mtandio ule haukuwa na hata ua moja.

Wapo watakaosema, basi ungepandisha ISO, ile namba ya kamera ya kuukuza mwanga. Niliipandisha. ISO haimwiti mgeni ambaye hakuja. Mwanga ulioingia ni ule ule, kinachoongezeka ni sauti ya kuusoma, na chenga zinaongezeka nayo.

Lakini chenga peke yake hazikuyaua maneno ya kanga. Hapa naomba mnisikilize khasa, kwa sababu ndiyo sehemu inayoniuma na ndiyo inayotokea kwenye simu zenu kila siku.

Kamera ikiona chenga nyingi, inaona haya. Ndani yake kuna programu inayosafisha kabla haijakuonesha picha. Programu hiyo haijui bibi ni nani wala kanga ni nini. Inachojua ni kwamba doa dogo lililotofautiana na jirani yake huenda ni chenga, basi linapakwa lifanane na jirani. Sasa chukueni kofia ya kiua, ile iliyoshonwa kwa mkono miezi na miezi. Kila kitobo chake kimezungushiwa uzi, na uzuri wa kofia ni vitobo. Ikipigwa picha msikitini baada ya isha kwa kamera ndogo, vitobo vinapakwa. Inabaki kofia nyeupe tupu kama kikombe. Mikono ya biharusi nayo: aliyempaka piko alitumia saa nne, vijiti vyembamba kama mwiba, maua ndani ya maua. Kwenye simu ukumbini inatoka kama glovu ya rangi ya kahawia. Nimewaona wapakaji piko wakilia kwa picha hizo, na walikuwa na haki, maana piko inafutika kwa wiki mbili na kinachobaki ni picha.

Mimi kazi yangu ni harusi za wanawake. Naingia ambako wapiga picha wa kiume hawaingii, na taa za kumbi hizo mnazijua: za rangi, zinazunguka, hafifu. Watu wanacheza, wanatunza, mikono iko juu. Kila kinachokidhoofisha kihisi kidogo kimo humo. Ndiyo maana nalisema jambo hili kwa uchungu.

Na kuna nyuso zetu. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga mchache kuliko kanzu nyeupe au ukuta wa chokaa, hiyo ni fizikia na haina ubaya ndani yake. Ubaya unakuja pale kamera inapopima. Inalenga wastani wa kijivu. Bwana harusi amesimama mbele ya ukuta mweupe, kanzu nyeupe, jua la saa saba liko utosini. Kamera inauona weupe wote ule, inapunguza mwanga, na uso wake unazama gizani. Kihisi kidogo kina uwezo mdogo wa kubeba mwanga mkali na kivuli kwa pamoja, kila kijumba kinajaa upesi. Ukiuacha uso uonekane, kanzu inaungua, nyuzi za tarizi zinapotea. Ukiilinda kanzu kisha ukaunyanyua uso baadaye kwenye kompyuta, chenga zinatoka mashavuni. Na msidhani watengenezaji hawakuhusika. Zama za filamu, kadi za kupimia rangi zilizotumika maabara za Marekani, wakiziita kadi za Shirley, zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na rangi za kila mtu zikapimwa kwake. Tunayo haki ya kudai kamera zipimwe kwa nyuso zetu pia.

Simu za leo zimepiga hatua, lazima niseme. Ukibonyeza mara moja, simu inapiga picha nyingi haraka haraka na kuzichanganya. Ikichanganya 9, chenga zinapungua mpaka theluthi, kwa sababu ya kipeuo kile kile. Vihisi navyo vimegeuzwa mgongo tangu 2009 hivi, nyaya zikawekwa nyuma ili zisiuzibe mwanga. Haya ni ya kushukuru. Lakini kuchanganya kunataka kitu kilichotulia. Mtu anayecheza msewe hatulii, na miguu yake itatoka minne.

Na lipo jipya ambalo silipendi hata kidogo. Simu nyingine sasa, zikikosa habari, zinabuni. Nimevuta picha ya kanga iliyopigwa kwa simu mpya, nikakuta herufi kali, safi, zimesimama vizuri, na hazisomeki kwa lugha yoyote duniani. Mwaka juzi kijana mmoja mwema alijitolea kunisafishia picha hii ya bibi kwa programu. Akanirejeshea mwanamke mzuri, ngozi laini, macho maangavu. Mama yangu aliitazama kidogo akaiweka mezani, akaniuliza huyu nani. Ile chongo kidogo ya jicho la kushoto haikuwapo, wala alama ya shavuni. Nilimshukuru kijana na picha ile nimeifuta. Hii yenye chenga ndiyo yake, kwa sababu kila kilichomo kilitoka usoni kwake usiku ule.

Sitaki muondoke mkidhani kihisi kidogo hakina faida. Nendeni Kidike mchana mkawatazame popo wa Pemba walivyoning'inia. Kamera ndogo yenye lenzi ndefu inakuvutia popo mpaka unauona unyoya wa kifua chake, na kwa kamera kubwa ungehitaji lenzi nzito kama mchi. Karafuu zilizoanikwa juu ya jamvi, mpya za kijani na zilizoanza kukoza, kamera ndogo inazishika zote kwa ukali, za mbele na za nyuma, kwa sababu kina chake cha kuona ni kirefu. Jua la kwetu lipo tele. Mchana, kihisi kidogo ni mtumishi mwema. Msizibe tu tundu la lenzi sana mkidhani mnaongeza ukali: kwenye kamera hizi, ukifika f/8, ambayo ni namba ya tundu lililobanwa, kitone kimoja cha mwanga kinatanuka kufikia maikroni 11 hivi, na kinaenea juu ya vijumba sita saba kwa upana. Picha inalegea. Wala msiiache kamera garini juani, kihisi chenye joto kinazidisha chenga peke yake, gizani khasa.

Basi nifanye nini, mtu ataniuliza, na fedha za kamera kubwa sina? Mleteni mtu kwenye mwanga. Nimekaa na neno hili miaka kumi na saba. Usiku ule wa 2008 kandili ilikuwa mbali na bibi kama hatua tatu. Ningeisogeza ikawa hatua moja, mwanga usoni kwake ungeongezeka karibu mara tisa. Mara tisa, bila ya kununua kitu. Kamera ningeiweka juu ya mto na nikamwomba bibi atulie, na alikuwa mtu wa kutulia. Au ningengoja asubuhi nikamkalisha barazani. Alikaa kwetu siku nne zaidi.

Ukumbini, ukiwa na flashi yenye shingo ya kugeuka, ielekeze juu kwenye dari nyeupe, usimpige mtu nayo usoni. Biharusi mtoe dakika tano kabla hajaingia, mkae naye karibu na mlango au dirisha ikiwa ni alasiri, umalize piko hapo, kiganja baada ya kiganja. Bwana harusi mtoe juani umtie kwenye kivuli cha upenu, halafu gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime uso na si kanzu. Msivute kwa vidole wakati wa kupiga, sogeeni kwa miguu. Simu yako ikiwa inaweza kuhifadhi faili ghafi, lile ambalo programu haijalipaka, lihifadhi, hata kama leo hujui kulifanyia kazi. Utajua kesho. Na mkimtumia mtu picha kwa WhatsApp, itumeni kama faili, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, na vitobo vya kofia vilivyosalimika kwenye kamera vinafia njiani.

Naona picha yangu imeshafika nyuma, ahsanteni, irudisheni kwa njia ile ile.

Alasiri imesogea na jua bado lipo. Pale nje pana baraza, na ukuta wake wa chokaa uko kivulini. Bibi yetu wa pale mbele nimemwomba, naye amekubali, na kanga aliyojifunga leo ina jina refu. Kila mmoja wenu atampiga mara mbili: mara ya kwanza humu ndani chini ya taa hii, hapo alipo. Mara ya pili barazani, mguso uwe usoni kwake, mkono umetulia. Kisha mtavuta picha zote mbili mpaka kwenye maneno, na kila mmoja atanisomea kanga inasema nini.